LCD ya 16x2 inawaka lakini haionyeshi kitu: mwongozo kamili wa kutafuta kosa

Umeunganisha waya, umepakia programu, taa ya Arduino inawaka, lakini skrini imekaa kimya. Usikimbilie kubadilisha programu, na usiende dukani kununua skrini nyingine. Itazame kwanza. Tunaposema skrini ni tupu huwa tunachanganya hali tatu zisizofanana, na kila moja inakuelekeza mahali pake. Jioni nyingi hupotea kwa kutafuta ndani ya programu kosa lililo kwenye waya, au kung'oa waya zilizo sawa wakati kosa liko kwenye programu.

Hapa nazungumzia LCD za herufi, yaani zile za 16x2 na 20x4 zenye pini 16, zinazoendeshwa na chipu ya HD44780 ya Hitachi au nakala zake. Siku hizi chipu yenyewe huioni, imefunikwa kwa tone la gundi nyeusi nyuma ya bodi, lakini tabia ni ileile. Mfano wangu ni Arduino Uno. Bodi ya ESP32, inayotumia volti 3.3, na bodi ndogo ya I2C (njia ya kutuma data kwa nyuzi mbili) nitazifikia mbele.

Andaa multimita, hata ile ya bei nafuu, na bisibisi ndogo. Bila mita utakuwa unabahatisha.

Kwanza: ni tupu ya namna gani?

Hali ya kwanza ni giza totoro. Taa ya nyuma haiwaki, wala hakuna alama yoyote. Hapo kosa ni la umeme, au la taa peke yake.

Hali ya pili: taa ya nyuma inawaka vizuri, uso umesafika, hakuna hata nukta. Hii ndiyo inayowasumbua wengi, na mara nyingi kosa ni kontrasti, yaani kiasi cha kukolea kwa herufi dhidi ya uso wa skrini.

Hali ya tatu: taa inawaka, na mstari wa juu umejaa visanduku 16 vilivyokolea, huku wa chini ukiwa mtupu. Kwenye 20x4 utaviona mstari wa kwanza na wa tatu. Hii ni habari njema, ingawa haionekani hivyo. Chipu ikipata umeme hujiweka katika hali ya mstari mmoja na kusubiri amri. Visanduku vinakuambia mambo matatu kwa pamoja: umeme umefika, kontrasti ipo, na chipu bado haijapokea amri za kuianzisha. Ukiwa hapa ruka moja kwa moja hadi sehemu ya pini za data.

Angalizo kuhusu rangi. Kwenye skrini ya kijani-njano visanduku na herufi huwa vyeusi, na unaweza kuvisoma hata taa ya nyuma ikiwa imezimwa. Skrini ya bluu ni kinyume: herufi ni sehemu zinazopitisha mwanga, kwa hiyo bila taa ya nyuma hutaona kitu hata kama kila kitu kinafanya kazi. Washa tochi ya simu, imulike skrini kwa upande huku ukiinamisha kichwa. Ukiona vivuli vya herufi, basi skrini inaandika na tatizo ni taa au kontrasti.

Jaribio la kuitenga skrini

Kama ungenipa dakika tano tu na mradi wako, ningefanya jaribio hili na kuacha mengine yote. Chomoa kila waya unaoenda kwenye LCD. Kisha rudisha hizi tu:

- Pini 1 (VSS) kwenye GND.
- Pini 2 (VDD) kwenye 5V.
- Pini 3 (V0) kwenye GND moja kwa moja, bila potenshometa (rezista ya kuzungusha).
- Pini 15 (A) kwenye 5V kupitia rezista ya omu 220, na pini 16 (K) kwenye GND.

Pini za data ziache wazi. Pini 6 (E) unaweza kuifunga kwenye GND ili isiokote kelele. Arduino hapa ni chanzo cha umeme tu, programu iliyomo haina maana yoyote.

Washa. Skrini ya 5V isiyo na hitilafu lazima ionyeshe visanduku mstari wa juu, vimekolea sana, kwa sababu V0 ikiwa GND kontrasti iko juu kabisa. Ukiviona, skrini ni nzima na kosa liko kwenye vile ulivyochomoa. Usipoviona, kosa liko ndani ya waya hizi chache, na huna sababu ya kugusa programu.

Weka mita kwenye volti DC, ncha moja kwenye pini 1 na nyingine kwenye pini 2. Lakini pima juu ya pedi za bodi ya LCD yenyewe, pale lehemu inapong'aa. Usipime kwenye bredibodi (ubao wa matundu wa kuunganishia bila lehemu) wala kwenye ncha ya waya. Unatafuta kitu karibu na volti 5, na 4.7 kutoka USB haina shida. Kama bredibodi ina volti 5 na pedi haina kitu, umekamata kosa.

Kosa hilo kwa kawaida ni lehemu. Moduli nyingi huuzwa na safu ya pini ikiwa pembeni, haijalehemiwa. Mtu anapachika pini kwenye matundu, anaona zimekaa imara, anaendelea na mradi. Pini iliyopachikwa tu hugusa pedi ikijisikia. Ukibonyeza LCD kwa kidole na herufi zikatokea na kupotea, usitafute zaidi, lehemu pini zote 16. Lehemu nzuri huwa na umbo la koni inayong'aa na imeshika pedi na pini pamoja. Ikiwa imejiviringisha kama kidonge juu ya pini, haijashika, ipashe moto tena.

Mkosaji mwingine ni bredibodi zile ndefu. Baadhi yake reli za umeme pembeni zimekatika katikati, na mstari mwekundu uliochorwa nao unaachia nafasi hapohapo. Ukileta 5V upande wa kushoto na LCD iko kulia, hakuna kinachofika. Unganisha pande mbili kwa waya mfupi.

Na kama tone la gundi nyeusi linapata moto, zima haraka. Umegeuza umeme. Usiamini kwamba pini ya kwanza kutoka kushoto ndiyo VSS kila mara. Soma maandishi yaliyochapwa kwenye bodi, kwa sababu kuna moduli ambazo pini 15 na 16 zimewekwa kabla ya pini 1, na zipo zilizobadilishana nafasi za VSS na VDD. Kama bodi haina maandishi, tafuta karatasi ya maelezo ya moduli hiyo hasa.

Kontrasti, mshukiwa namba moja

Rudisha potenshometa. Thamani inayofaa ni kilo-omu 10: mguu mmoja wa pembeni kwenye 5V, wa pembeni mwingine kwenye GND, wa katikati kwenye pini 3. Hakikisha miguu mitatu iko kwenye safu tatu tofauti za bredibodi. Iking'ang'ania safu moja, umepiga shoti ya 5V.

Sasa pima volti kati ya pini 3 na GND. Herufi za kawaida kwenye moduli ya 5V hukolea V0 ikiwa takriban kati ya volti 0.3 na 1. Fikiria maana yake: potenshometa ikiwa katikati, inatoa kama 2.5, na skrini inakuwa tupu kabisa huku kila kitu kikiwa sawa. Sehemu inayofanya kazi iko karibu na mwisho wa mzunguko, upande wa GND, nayo ni nyembamba. Zungusha polepole kutoka mwisho hadi mwisho huku ukitazama skrini. Anayezungusha robo mara moja huipita bila kuiona.

Huna potenshometa? Rezista ya kilo-omu 1 kutoka pini 3 hadi GND mara nyingi hutosha. Kuacha pini 3 hewani ndiko kusikofaa kamwe.

Joto nalo linabadilisha kontrasti. Herufi ulizozirekebisha zikae vizuri asubuhi ya baridi Njombe zinaweza kukolea kupita kiasi mchana wa Dar es Salaam, hadi visanduku vya nyuma vionekane. Kwa hiyo ukisafiri na mradi wako kwenda kwenye maonyesho, nenda na bisibisi.

Kuna visanduku, hakuna herufi: pini za data

Rudisha waya zilizobaki moja moja. Katika njia ya biti 4 inayotumiwa na wengi, zinahitajika hizi:

RS ni pini 4, R/W ni pini 5, E ni pini 6, na data ni D4, D5, D6, D7, yaani pini 11, 12, 13 na 14. Pini 7 hadi 10 hazitumiki.

Makosa mawili hapa yanajirudia kuliko mengine yote. La kwanza ni kuunganisha pini 7 hadi 10 badala ya 11 hadi 14, kwa sababu ndizo zinazofuata baada ya E na jicho linateleza. La pili ni kuisahau R/W. Pini hiyo huamua kama chipu inasikiliza au inazungumza. Ndani ya HD44780 kuna viungo vinavyovuta RS, R/W na pini za data kuelekea juu, kwa hiyo R/W ukiiacha hewani inahesabika kuwa juu, na chipu inakaa katika hali ya kusomwa. Arduino inatuma herufi, LCD haiandiki. Ifunge kwenye GND. Kwa Raspberry Pi na bodi nyingine za volti 3.3 jambo hili ni zito zaidi, maana R/W ikiwa juu LCD inaweza kurudisha volti 5 kwenye pini zisizozivumilia.

Weka mita kwenye mlio, zima umeme, kisha gusa ncha moja kwenye tundu la Arduino na nyingine kwenye pedi ya LCD. Isipolia, badilisha waya. Waya za jampa za bei ya chini hukatika ndani ya kichwa cha plastiki huku nje zikionekana mpya. Ukimaliza, gusa pia pedi mbili zilizo jirani. Hapo mita isilie.

Programu fupi kuliko zote

Weka kando mradi wako wenye vihisi na menyu. Pakia hii:

```
#include <LiquidCrystal.h>

// mpangilio: RS, E, D4, D5, D6, D7
LiquidCrystal lcd(12, 11, 5, 4, 3, 2);

void setup() {
  delay(500); // ipe LCD muda wa kuamka
  lcd.begin(16, 2);
  lcd.print("Habari");
}

void loop() {
}
```

Namba zilizo kwenye mabano ni pini za Arduino, na mpangilio wake haubadiliki. Kama waya zako ziko kwingine, badilisha namba. Mwenye ile bodi ya LCD yenye vitufe inayopachikwa juu ya Uno aandike `lcd(8, 9, 4, 5, 6, 7)`. Mfano unaokuja na maktaba hautafanya kazi kwake.

Ucheleweshaji wa nusu sekunde una sababu. HD44780 inataka angalau milisekunde 40 baada ya volteji kufika 2.7 kabla haijapokea amri ya kwanza. Maktaba husubiri kidogo, lakini adapta inayopanda taratibu inaweza kuichelewesha LCD zaidi ya hapo. Dalili yake iko wazi: ukiwasha umeme unaona visanduku, ukibonyeza kitufe cha kuanza upya herufi zinatokea.

Programu hii ikiandika "Habari" na mradi wako usiandike, basi kosa ni la mradi. Mambo ya kukagua humo:

Mgongano wa pini. Kisomaji cha kadi cha RC522 na moduli ya kadi ya SD kwenye Uno hutumia pini 11, 12 na 13. LCD iliyowekwa kwenye 11 na 12 itavurugika mara tu kisomaji kinapoanza. Pini 0 na 1 ni za Serial (mawasiliano na kompyuta), usiziguse.

`lcd.clear()` ndani ya `loop()` bila kusubiri. Herufi zinaandikwa na kufutwa haraka mno hadi jicho linaona kivuli au halioni kitu. Futa pale tu maandishi yanapobadilika, au andika juu ya ya zamani na kuongezea nafasi tupu.

Kuandika nje ya dirisha. Chipu ina nafasi 40 kwa kila mstari, lakini 16x2 inaonyesha 16 za mwanzo. Ukisema `setCursor(20, 0)` herufi zinaandikwa kweli, ila mahali usipopaona. Na kumbuka safu hutangulia, mstari hufuata, vyote vikianzia sifuri.

LCD yenye bodi ya I2C mgongoni

Hapa waya ni nne tu na watu hufikiri makosa yamepungua. Yamehama. Bodi hiyo ina chipu ya PCF8574 au PCF8574A inayopokea data kwa nyuzi mbili na kuigawa kwenye pini za LCD. Kwenye Uno SDA ni A4 na SCL ni A5, kwenye Mega ni 20 na 21, na kwenye bodi nyingi za ESP32 ni 21 na 22.

Kabla ya lolote, chukua bisibisi na uzungushe kile kisanduku cha bluu chenye msalaba mdogo. Ndiyo potenshometa ya kontrasti, na bodi nyingi hutoka kiwandani ikiwa mahali pasipofaa. Ningeweka dau hapa kuliko kwingine kokote.

Halafu tafuta anwani. PCF8574 hutumia anwani za 0x20 hadi 0x27, na bila pedi kuunganishwa huwa 0x27. PCF8574A hutumia 0x38 hadi 0x3F, kwa kawaida 0x3F. Ukiunganisha pedi za A0, A1 au A2 kwa lehemu anwani inashuka: A0 peke yake hugeuza 0x27 kuwa 0x26. Usikisie. Pakia kipima-anwani hiki na ufungue Serial Monitor:

```
#include <Wire.h>

void setup() {
  Serial.begin(9600);
  Wire.begin();
  for (byte a = 8; a < 120; a++) {
    Wire.beginTransmission(a);
    if (Wire.endTransmission() == 0) {
      Serial.print("Nimepata: 0x");
      Serial.println(a, HEX);
    }
  }
  Serial.println("Mwisho");
}

void loop() {
}
```

Ikifika "Mwisho" bila kupata kitu, umebadilisha SDA na SCL, au GND haijaunganishwa, au bodi haina umeme. Ikikwama kabisa bila kufika mwisho, kuna waya mmoja kati ya hizo mbili unaoshikiliwa chini, tafuta shoti. Ikipata anwani, iandike hiyohiyo kwenye programu yako.

Anwani ni sahihi na bado kuna visanduku? Basi angalia maktaba. Zipo kadhaa zenye jina la LiquidCrystal_I2C, na si zote zinazoanza kwa amri moja: nyingine zinataka `lcd.init()`, nyingine `lcd.begin()`. Mimi napendelea maktaba ya hd44780 ya Bill Perry. Inatambua yenyewe anwani na jinsi pini za PCF8574 zilivyofungwa, na ina programu ya uchunguzi iitwayo I2CexpDiag inayokuandikia ilichokuta. Na kama maandishi yapo ila ni giza, weka `lcd.backlight()`, kisha tazama upande wa bodi kama ile jampa ndogo ya taa imedondoka.

Bodi za volti 3.3

LCD ya kawaida inahitaji tofauti ya zaidi ya volti 4 kati ya VDD na V0 ili herufi zikolee. Ukiilisha 3.3 kutoka ESP32, hata V0 ikiwa GND tofauti haifiki. Taa itawaka kwa unyonge na skrini itabaki tupu, uzungushe bisibisi mpaka uchoke. Ilishe volti 5 kutoka pini ya VIN au 5V ya bodi.

Data ni jambo la pili. HD44780 inayotumia volti 5 huhesabu chochote kilicho juu ya 2.2 kuwa ni juu, kwa hiyo waya za moja kwa moja kutoka ESP32 zinaeleweka, mradi R/W iko GND. Bodi ya I2C ina matatizo mawili: PCF8574 ikiwa na volti 5 inataka 3.5 ili ihesabu juu, na rezista zake zinavuta SDA na SCL hadi volti 5, jambo ambalo ESP32 haikutengenezewa. Utakutana na watu wanaosema yao inafanya kazi hivyohivyo. Weka kibadilisha volteji katikati, ni kifaa cha bei ndogo kuliko ESP32. Jambo la mwisho kuhusu bodi hii: pini 34 hadi 39 za ESP32 huingiza tu, haziwezi kutoa. LCD iliyofungwa hapo haitapokea kitu.

Ilikuwa inaonyesha, kisha ikapotea

Hili hutokea sana kwenye mashine za kutotolesha vifaranga za kujitengenezea, zenye LCD, kihisi cha joto na rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) inayowasha balbu. Skrini inakaa sawa, rilei inagonga, herufi zinageuka alama za ajabu au zinatoweka. Arduino inaendelea kufanya kazi kama kawaida, ila LCD imepata msukosuko wa umeme ikasahau ilikuwa hali gani.

Tenganisha umeme wa rilei na wa LCD, waya zikutane kwenye GND tu. Weka kapasita ya nanofaradi 100 kati ya pini 1 na 2, karibu kabisa na LCD, na nyingine ya mikrofaradi 100 pale umeme unapoingia. Rilei tupu isiyo kwenye moduli iwe na dayodi juu ya koili. Nyaya za I2C zisilale bega kwa bega na nyaya za balbu, na zisizidi kama nusu mita. Yakishindikana yote, ita `lcd.begin()` upya kila rilei inapobadilika. Ni kiraka, lakini kinafanya kazi.

Skrini yenyewe iweke nje ya boksi lenye joto na unyevu. Unyevu ukiingia kwenye zile pedi za lehemu, hutapata tena usingizi.

Lini useme imekufa

Iite mbovu pale tu jaribio la kuitenga limeshindwa wakati pedi za pini 1 na 2 zinasoma volti 5 sahihi, pini 3 inasoma sifuri, na lehemu umezipasha upya. Skrini iliyogeuziwa umeme mara moja kwa sekunde chache huweza kupona, hivyo ijaribu kabla ya kuitupa. Kama visanduku vipo ila kuna safu wima zisizowaka hata kidogo, kosa ni mgusano kati ya kioo na bodi. Bonyeza fremu ya chuma kwa upole pembezoni, na zikirudi, kaza vile vishikizo vya fremu vilivyokunjwa nyuma kwa koleo, kimoja kimoja, bila kukunja bodi. Taa ya nyuma ikiwa ndiyo pekee iliyoungua kwenye skrini ya kijani-njano, usiitupe: itumie kwenye mradi utakaosomwa mchana.